Mama Haloo Kwenye Miksa

Pale ofisi kuu ya mji hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Haloo, kwa sababu kwa miaka mingi yeye ndiye aliyepokea kila simu iliyopigwa pale, na ile "haloo" yake aliivuta kidogo mwishoni kama mtu anayekusogezea kiti ukae. Waliopiga wakiwa wamefura kwa hasira walijikuta wameshusha pumzi kabla hawajasema hata shida yao.

Macho aliyapoteza utotoni, surua ilipompitia. Katika rangi zote alikumbuka moja tu, njano ya shuka la mama yake, na hata hiyo hakuwa na hakika kama aliiona au alisimuliwa. Alisoma shule ya wasioona, akafunzwa kazi ya swichibodi, akaajiriwa. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, kidogo kiasi kwamba akinyoosha mikono yote miwili alizigusa kuta zote mbili. Mbele yake ulikuwa ubao wa simu wenye matundu na plagi. Simu ikiingia, anachomoa waya huku, anachomeka kule, na mtu wa nje anazungumza na bwana ardhi, naye Mama Haloo anajitoa polepole bila kukata laini. Alizijua sauti za ofisi nzima. Alijua nani ameamka na mafua, nani amegombana na mwenzake, nani anasema "niko kikaoni" huku kijiko kinagonga kikombe.

Halafu mambo yakabadilika. Kila meza ikapata simu yake, na kila mtu mfukoni akawa na yake. Asubuhi moja walikuja mafundi wenye bisibisi, wakaung'oa ule ubao ukutani. Walipoondoka, Mama Haloo alipapasa mahali ulipokuwa. Vidole vyake vilikuta matundu ya skrubu na vumbi la plasta, basi.

Mkuu wa utumishi, kijana mstaarabu aliyenukia sabuni siku zote, alimfuata pale pale.

"Mama, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Mshahara wako uko palepale. Wewe pumzika tu."

Wakamwekea kiti karibu na mapokezi. Kazi hakupewa. Wapita njia walimsalimu, akaitikia. Alijua saa za mchana kwa jua lililomhama kutoka bega hadi bega. Ile "pumzika tu" ilimchoma kuliko tusi.

Nyumbani mumewe, fundi viatu mwenye kibanda kilichopakana na ukuta wa nyumba yao, alijaribu kumchangamsha. "Mke wangu, watu wanaomba Mungu mchana na jioni walipwe kwa kukaa, wewe umepewa bila kuomba, unanuna!"

Mama Haloo hakucheka. Alimwambia, "Wewe leo nikikunyang'anya nyundo na sindano, nikuambie kaa hapo mlangoni uwe unasalimia wenye viatu, utacheka?"

Mumewe akainamia kiatu chake. Nyundo yake ikaanza tena kugonga, safari hii taratibu.

Nyuma ya mapokezi kulikuwa na ukumbi wa baraza, ambamo wajumbe wa mji walikutana, na kabla ya kila kikao alikuja mzee mmoja kufunga vipaza sauti. Ofisini walimwita Mzee wa Spika. Mama Haloo alizoea kumsikia akikokota sanduku la magurudumu, akiguna kwa sababu ya mgongo wake mbovu, kisha akianza: "Testi, testi. Moja, mbili. Testi." Siku moja hakuweza tena kuvumilia kiti. Akachukua fimbo yake, akaifuata ile sauti hadi ndani ya ukumbi, akasimama.

"Karibu, mdogo wangu," Mzee wa Spika akasema. "Kikao bado."

"Sijaja kikaoni, mzee wangu. Nimekuja kuuliza. Maiki ziko nyingi, spika ziko mbili. Hizo sauti zote zinakutania wapi?"

Mzee alicheka, si cheko la dharau, cheko la mtu aliyeulizwa swali alilolingoja siku nyingi. Akamshika mkono, akamketisha, akauweka mkono wake juu ya kitu kilichokuwa mezani.

"Zinakutania hapa. Hii ndiyo miksa."

Ilikuwa ndogo, unene na ukubwa wa kitabu kikubwa, lakini nzito, ya chuma baridi chenye kona zilizolainika kwa kushikwa. Mzee alimwongoza vidole. Upande wa kushoto palikuwa na matundu sita ya duara: humo zinaingia waya za maiki. Upande wa kulia matundu mawili: humo sauti inatoka kwenda kwenye spika na kwenye kinasa, ili katibu apate kuandika kumbukumbu za kikao. Na mbele, kwa mstari, nobu sita za kuzungusha, kila moja na maiki yake.

"Hii ya kwanza ni Mwenyekiti," mzee akasema. "Ya pili ni katibu. Tatu zinazofuata ziko kwenye meza za wajumbe. Ya mwisho ni ile anayozunguka nayo tarishi kwa wananchi. Ukipeleka kulia, mtu anasikika. Ukirudisha kushoto, anapotea. Kazi yote ni hiyo: nani asikike, kwa kiasi gani, na saa ngapi."

Mama Haloo alizipitia zile nobu moja moja, mbele na nyuma.

"Mbona huu ni ubao wangu!" alisema. "Mzee wangu, huu ni ubao wangu, wameupunguza tu."

Kisha, kabla aibu haijamkamata, akasema, "Nifundishe."

Mzee wa Spika akavuta kiti, akaketi. Kwa kweli alikuwa anatafuta mrithi. Mgongo ulishamwambia basi, na binti yake aliyeolewa mji mwingine alikuwa amemwandalia chumba. Vijana wawili walijaribu kazi ile wakaikimbia. Walitaka harusi na muziki, si wajumbe wanaojadili taka. Lakini hakutaka kumdanganya mtu mzima.

"Mdogo wangu, sikufichi," alisema. "Hapa katikati kuna taa. Kijani, sauti iko sawa. Njano, imepanda. Nyekundu, imepita kiasi, inakwaruza na kinasa kinaharibu kila kitu. Mimi muda wote naziangalia taa. Bila hizo sijui ningefanyaje. Sijui, kweli."

"Haya," Mama Haloo akasema. "Asante kwa kuniambia bila kuzungusha." Akarudi kwenye kiti chake.

Wiki ile jambo hilo hakumwambia mtu. Lakini Mzee wa Spika naye hakulala vizuri. Kikao kilichofuata alikuja mapema kuliko kawaida, akapita mapokezi akihema, akamshika mkono hata salamu hajamaliza.

"Njoo. Kuna kitu nimekuwa nacho ujana wangu wote, sikukitia akilini."

Akamvalisha hedifoni. Akabonyeza swichi, na masikioni mwa Mama Haloo ukaja mlio mmoja ulionyooka, usiopanda wala kushuka, kama filimbi ya mtu asiyeishiwa pumzi.

"Huu mlio unatoka ndani ya miksa yenyewe," mzee akasema. "Wameuweka kwa ajili ya kupimia. Sasa hivi taa inasimama pale pale panapotakiwa. Wewe zungusha hii nobu ya hedifoni mpaka mlio uwe wa kukutosha, usikuumize, usikufanye utege sikio. Hapo? Una hakika?"

"Hapo."

Mama Haloo akasikia selotepu ikikatwa kwa meno. Mzee akaibandika juu ya nobu ya hedifoni, akaikandamiza kwa kidole gumba.

"Sasa hii haiguswi tena mpaka kikao kiishe. Sauti ya mtu ikikujia sawa na ule mlio, iko mahali pake. Ikiwa chini yake, mpandishe. Ikikupigia kelele, mshushe. Taa zako ziko masikioni."

Mkuu wa utumishi alipoambiwa, alikohoa mara kadhaa. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu kumwona mama yule akiaibika mbele ya watu. Mwishowe akasema, "Sawa, lakini yawe majaribio. Na mzee uwe karibu."

Mafunzo yakaanza, na hayakuwa mteremko. Mwanzo mzee hakumruhusu hata kuigusa miksa. Alimfundisha kukunja waya. Waya hukunjwa kwa duara, mzunguko mmoja juu, mmoja ukigeuzwa chini, ili siku ya kuutupa ukumbini unyooke wenyewe bila kujisokota. Mama Haloo aliukunja mpaka viganja vikanuka mpira. Kisha plagi: pini tatu ndani, huingia kwa namna moja tu, na usiposikia "tik" ujue bado. Kisha betri za kinasa, ambazo hubadilishwa kila kikao hata kama zile za zamani bado zinatembea. Kisha maiki nyembamba ya Mwenyekiti, ambayo yenyewe haiwezi kusikia chochote mpaka miksa iipelekee umeme kupitia waya ule ule. Swichi yake iko ubavuni, na kabla ya kuiwasha sharti nobu iwe imerudishwa kabisa, la sivyo spika zinapiga kishindo cha kuwatoa watu vitini. Kile kishindo alikipiga mara moja. Tarishi aliyekuwa anapanga viti alilala chini.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa mluzi. Maiki ikisikia sauti yake yenyewe kutoka kwenye spika, inairudisha, spika inaitoa tena, na kufumba na kufumbua ukumbi mzima unalia "wiiii" na watu wameziba masikio.

"Usihangaike kumtafuta mchawi," mzee alimwambia. "Irudishe ile uliyoipandisha mwisho. Na ukipandisha, pandisha kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga."

Alijifunza kuvaa hedifoni sikio moja ndani, moja nje. La nje lilikuwa la ukumbi. Kila mjumbe huanza na "Ndugu Mwenyekiti," na kabla hajafika kwenye "kiti," mkono wa Mama Haloo ulikuwa umeshampata. Vikao viwili vikaenda vizuri. Mzee akaanza kuketi nyuma, akimwacha peke yake mezani. Mkuu wa utumishi akaacha kukohoa.

Kikao cha tatu ndipo mambo yalipoharibika.

Ilikuwa mapumziko ya chai. Mama Haloo alichoka, akavua hedifoni, akapokea kikombe chake. Wananchi walikuwa bado wamejaa viti vya nyuma. Mwenyekiti, mwanamume mwenye sauti ya radi ambaye wajumbe walimwogopa kama mtihani, alibaki mezani pake akipiga simu. Na maiki yake ilikuwa wazi.

"Ndiyo, mke wangu," ukumbi ukasikia kutoka pande zote mbili. "Ndiyo, nimekunywa dawa. Ndiyo, na fulana ya ndani nimevaa. Sukari? Hata kidogo, mpenzi! Sijagusa kitu kitamu tangu asubuhi."

Na hapo hapo, waziwazi kabisa, spika zikatoa mlio wa biskuti ikivunjika menoni.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mama Haloo alirusha mkono kwenye miksa, akamwaga chai, akashika nobu ya katibu akaifunga, na Mwenyekiti akaendelea kutafuna mbele ya umma kwa muda ambao ulikuwa mrefu kama maisha. Alipoipata nobu ya kwanza na kuirudisha, kicheko kilikuwa kimeshatoka hadi barabarani.

Jioni mkuu wa utumishi alimwita. "Mama, tulisema ni majaribio," alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza. "Tungoje kwanza Mwenyekiti atasema nini."

Alipofika nyumbani alimsimulia mumewe. Fundi viatu alijitahidi. Alijiuma midomo, akageuka ukutani, lakini aliposikia habari ya biskuti alishindwa kabisa, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vipande vya ngozi. Halafu akaona mkewe analia, akanyanyuka haraka.

"Nisamehe, mke wangu. Nisamehe. Lakini biskuti!"

Mama Haloo akafuta uso kwa mkono, akataka kukasirika, na kile kicheko kikamtoka mwenyewe kabla hajakizuia. Wakacheka wote wawili, yeye machozi bado yakimtiririka. Walipotulia, mumewe akauliza, "Kule kwenye simu, hukuwahi kumsahau mtu kwenye laini?"

"Mwanzoni nilisahau. Tena wakubwa."

"Ukafanyaje?"

Mama Haloo alifikiri. "Niliuzoeza mkono. Kabla sijashika kikombe, mkono upite plagi zote, kutoka mwisho hadi mwanzo. Mpaka ikawa hata nyumbani nikitaka kunywa maji naupitisha mkono hewani."

"Kumbe!" alisema fundi viatu. "Nilidhani unafukuza nzi."

Asubuhi iliyofuata hakungoja kuitwa. Alikwenda mwenyewe hadi mlango wa Mwenyekiti, akagonga, akaingia, akasimama wima.

"Mheshimiwa, nimekuja kuomba radhi. Kosa ni langu. Si la mzee wala la miksa."

Kiti kikalia.

"Mama Haloo," Mwenyekiti akasema, "mimi nimeongoza baraza hili kwa kunguruma. Jana wakati natoka, bibi mmoja amenisimamisha getini, nikajua ananiletea malalamiko. Kumbe ananipa pole ya sukari. Na yeye anayo. Tumesimama pale tukaongea juu ya miguu kufa ganzi. Haijawahi kunitokea." Akashusha pumzi. "Nyumbani nimepokonywa biskuti zote, hilo nakulaumu. Kazini endelea. Lakini sikiliza."

"Nasikiliza, mheshimiwa."

"Ukisikia natafuna, nifunge."

Alirudi kwenye mazoezi kwa nguvu mpya. Mzee wa Spika alimwazima miksa yake ya zamani na maiki tatu, na sebule ndogo ya fundi viatu ikageuka ukumbi wa baraza. Mumewe akawa Mwenyekiti. Binti yao, aliyekuwa anasomea uuguzi, akawa mjumbe wa upinzani. Jirani mshona nguo aliitwa kuwa mwananchi, na kwa kuwa kwake mume hakumpa nafasi ya kuongea, alikuja na hoja zilizolundikana. Walibishana juu ya maji, juu ya mbwa wa jirani, juu ya nani alimaliza sukari ya chai. Mshona nguo alinong'ona makusudi, fundi viatu akapayuka makusudi, binti akagonga meza, na Mama Haloo katikati yao aliwapandisha na kuwashusha, na kila mara mtu aliposema "tupumzike," mkono wake ulipita nobu zote kutoka mwisho hadi mwanzo.

Ndipo kikaja kile kikao cha wananchi kuhusu mitaro. Mvua zilikuwa zinakaribia, na mitaa ya bondeni ilikuwa imechoka kulala na maji. Watu walijaa hadi madirishani. Mzee wa Spika alikuwepo pia, amefunga mkanda wake wa mgongo, lakini safari hii alikuja kuaga. Sanduku lake la nguo lilikuwa limeshatangulia kwa binti yake. Alikaa kiti cha nyuma kabisa kama mgeni.

Wanaume wenye sauti kubwa walitangulia, kama kawaida, na Mama Haloo aliwashusha mmoja baada ya mwingine mpaka wakasikika kama watu. Halafu tarishi akapeleka maiki kwa mwanamke mmoja safu ya katikati. Katika hedifoni ulisikika mkwaruzo wa nguo, na nyuma yake, mbali, sauti nyembamba kama uzi.

"Hatusikii!" watu wa nyuma wakapaza sauti.

"Mama, sauti," Mwenyekiti akasema.

Mwanamke akasema tena neno moja mbili. "Hatusikii!" Akaanza kukata tamaa. "Basi," alisema, "si neno, wengine watasema."

Mama Haloo akakandamiza hedifoni sikioni. Sauti ile aliijua. Alikuwa hajawahi kukutana na mwenye nayo, lakini kwa miaka mingi aliipokea kila mvua zikianza. Kila mara aliiunganisha na ofisi ya mitaro, simu ikaita, ikaita, ikaita, na alipoirudia laini kuomba radhi, mwanamke yule alimwambia kwa upole ule ule, "Haya mama, nitajaribu kesho." Jina hakuwahi kumuuliza. Kazi yake ilikuwa kuunganisha tu, na kuunganisha alikuwa ameunganisha, na haikusaidia kitu.

Kwenye miksa kulikuwa na kijimaiki kidogo cha mwendeshaji mwenyewe, cha kutangazia jambo. Mzee alimfundisha kilipo, naye hakuwahi kukitumia kwa kuona haya. Sasa alikibonyeza.

"Haloo," ukumbi wote ukasikia. "Mama, usikae. Ondoa maiki kifuani, iguse kidevu. Ongea vile vile unavyoongea. Nitakufuata mimi."

Kisha ile sauti nyembamba ikasema, karibu sasa, "Jamani. Ni wewe wa simu?"

"Ni mimi."

Mama Haloo hakungoja ruhusa. Alizifunga maiki zote nyingine, ya Mwenyekiti ikiwemo. Akabonyeza kitufe cha kukata muungurumo, na mvumo wa feni uliokuwa chini ya kila kitu ukaondoka kama pazia. Akaishika nobu ya sita. Akaipandisha polepole, polepole, mpaka akasikia spika zinavuta pumzi ya kutaka kulia. Akarudisha kiasi cha unywele, akauacha mkono pale.

Mwanamke akaongea. Alieleza mtaro uliopita nyuma ya jiko lake, ulivyozibwa na kifusi cha barabara, maji yalivyoingia usiku na kuondoka na madaftari ya wajukuu. Alieleza walivyoweka vitanda juu ya matofali, na matofali yalivyozama. Hakulia wala hakulaumu. Aliongea kama anayemsimulia jirani, na watu waliokuwa madirishani wakasikia mpaka pumzi zake kati ya neno na neno. Alipomaliza, kwa muda hakuna aliyepiga makofi wala kukohoa.

Mama Haloo akamfungulia Mwenyekiti, na Mwenyekiti, bila kunguruma, akamuuliza bwana mitaro kama amesikia. Bwana mitaro akasema amesikia. "Basi kesho asubuhi utakwenda naye, akuonyeshe," Mwenyekiti akasema. "Mimi nitakuwepo."

Walikwenda kweli. Mtaro haukuisha wote. Kifusi kilitolewa, upande mmoja ukajengwa kabla ya mvua, upande wa pili ukabaki kupigiwa kelele. Lakini msimu ule maji yalipita nyuma ya jiko bila kuingia, na mwanamke yule alikuja mwenyewe mapokezi kusema hivyo, akamshika Mama Haloo mikono yote miwili, wakakaa wakipiga soga hadi chai ikapoa.

Siku ile ya kikao, watu walipotawanyika, Mzee wa Spika alikuja hadi mezani. Alisimama akisikiliza Mama Haloo akikunja waya.

"Mwanzoni uliacha maiki ya katibu juu kidogo," alisema.

"Nilisikia. Nikaishusha."

"Nilikusikia ukiishusha." Akaurekebisha mkanda wake wa mgongo. "Kwa binti yangu uani ni pakubwa. Anasema nitakaa kivulini. Nimemwambia akininunulia kiti cha kupumzika namrudishia."

"Njoo utusalimie, mzee wangu."

"Nitapiga simu," mzee akasema, "ila sijui nani atapokea." Wote wawili wakacheka, naye akaondoka akikokota lile sanduku lake la magurudumu, tupu, vifaa vyote amemwachia.

Baada ya hapo mkuu wa utumishi alimwandikisha rasmi mwendesha mitambo ya sauti, na ofisi ikanunua miksa yake yenyewe badala ya kutegemea ya mzee. Ilipofika, Mama Haloo aliomba kwenda nayo nyumbani Jumamosi aizoee. Aliifungua mezani, ikanuka plastiki mpya. Alipapasa kushoto, akakuta hakuna matundu ya maiki. Yalikuwa nyuma. Nobu nazo zilikuwa nane, ndogo, laini, zimesogeleana kama meno.

"Wamehamisha kila kitu!" alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayelalamika.

Mumewe alikuwa amekichukua kijitabu cha maelekezo, akakivuta karibu na uso, akakisukuma mbali, akakilaani kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa. Binti yao akamnyang'anya.

"Nisome, mama?"

"Ngoja nivute kiti," Mama Haloo akasema, akaweka vidole vyake kumi juu ya chuma kipya. "Haya. Anza juu kabisa. Na baba yako asiguse kitu."